Ukifia nje, nyumba ya Mombasa itakuwa ya nani? Mwongozo kamili wa wasia, mirathi na makaratasi

Ami yangu alifariki Jeddah usiku wa kuamkia Ijumaa, na kufikia Alasiri alikuwa ameshazikwa hukohuko. Mombasa tulifunga turubali uchochoroni, tukasoma khitma, na mwanzo wa mwezi uliofuata ndugu yake mdogo akaenda Majengo kukusanya kodi za vyumba kama alivyofanya kwa miaka 11. Kwenye mkoba alikuwa na hati ya uwakala yenye sahihi ya ami na mhuri wa wakili. Hakuna aliyemwambia kuwa karatasi ile ilikufa pamoja na mwenyewe. Miaka 3 baadaye watoto wa ami walipodai hesabu, hakuwa na daftari wala risiti, na shangazi zetu wakagawanyika makundi mawili ambayo hadi leo hayahudhurii harusi moja.

Hakuwa mwizi. Alikuwa ndugu mwema aliyeshika karatasi isiyofaa.

Haya nimeyaandika kwa mtu wa Mombasa aliyeko Arabuni, Ulaya au Marekani, na ambaye ana chochote huku: nyumba, kiwanja, akaunti, duka, au deni. Nimeyapanga jinsi ambavyo ningetaka ami ayafuate alipokuwa hai na mzima.

Hatua ya 1: Jua sheria ipi itakushika

Mwenye mali hapa na maisha kule hushikwa na sheria mbili. Ardhi na nyumba zilizoko Kenya hufuata sheria ya Kenya, uwe na pasipoti ya wapi na ufie popote. Mali inayohamishika, kama pesa, gari na hisa, hufuata sheria ya nchi uliyoifanya makao yako ya kudumu. Makao hayo hayapimwi kwa anwani peke yake, nia pia huangaliwa. Mtu aliyekaa Doha miaka 20 kwa viza ya kazi huku akijenga Kisauni ili arudi, aghalabu bado huhesabiwa kuwa mtu wa Kenya. Aliyehamia Uingereza, akanunua nyumba na kusomesha watoto huko bila mpango wa kurudi, huenda asihesabiwe hivyo.

Ndani ya Kenya nako kuna milango miwili. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na marekebisho ya mwaka 1990 yakawatoa Waislamu katika kanuni zake za mgawo. Marehemu akiwa Muislamu, mali yake hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Mahakama ya Kadhi, kwa Kifungu cha 170 cha Katiba, husikiza mirathi pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kusikizwa hapo. Mmoja akikataa, kesi huenda Mahakama Kuu, lakini mgawo hubaki uleule wa Kiislamu. Kwa hivyo anayekimbilia Mahakama Kuu akitarajia fungu kubwa zaidi anajisumbua.

Asiye Muislamu hushikwa na Sura ya 160 yenyewe. Akifa bila wasia na kuacha mke mmoja na watoto, mjane huchukua vyombo vya nyumbani moja kwa moja na hufaidi mali iliyobaki maisha yake yote, kisha watoto hugawana sawa, wa kike na wa kiume. Kama wake walikuwa zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane akihesabiwa kama mtu mmoja zaidi.

Usivuke hatua hii bila kuangalia uraia wako. Kabla ya Katiba ya Agosti 2010, Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa Kenya. Siku hizi Mkenya wa kuzaliwa haupotezi, na waliowahi kuupoteza wanaweza kuomba warudishiwe. Wapo wazee wengi Uingereza ambao hawakuomba. Kwa sheria ya ardhi hao ni wageni, na mgeni hawezi kumiliki ardhi ya Kenya zaidi ya kuikodi kwa miaka 99. Watoto waliozaliwa nje wakati baba au mama ni raia wa Kenya ni raia kwa kuzaliwa, ila lazima wawe na karatasi za kuonyesha hivyo. Washughulikie sasa, wakati ungali upo wa kutia sahihi.

Hatua ya 2: Andika daftari ya mali, na jina lililoko kwenye kila hati

Mali bila daftari huisha bila habari. Wengi wetu tunaijua methali hii, na daftari yenyewe hatuna.

Andika kila kitu kwa mstari wake: nambari ya kiwanja, hatimiliki iko kwa nani, akaunti za benki za hapa na za huko, laini ya M-Pesa, hisa, akiba ya chama, mafao ya NSSF, pensheni ya kazini, bima. Pembeni andika jina lililosajiliwa. Safu hiyo ya majina ndiyo itakayokutoa jasho.

Kesi ya kwanza ninayokutana nayo kila mara ni ya nyumba iliyoandikwa jina la kaka. Ulituma pesa kwa miaka, kaka akanunua kiwanja Mtwapa au Bamburi, na kwa kuwa wewe hukuwepo, hati ikatoka kwa jina lake. Ukitangulia wewe kufa, naye akiwa hai na mkweli, mambo huenda yakasuluhishika. Lakini kaka akitangulia, kiwanja kile ni mirathi yake. Mkewe na watoto wake watakirithi kwa haki kabisa machoni pa msajili wa ardhi, na wewe utabaki na picha za risiti za Western Union. Dawa ni kuhamisha hati ije kwa jina lako. Kama haiwezekani mwaka huu, basi kaka atie sahihi mbele ya wakili tamko kwamba anaishikilia kama amana yako, na risiti zote za pesa ulizotuma ziambatishwe. Kaka muungwana hatakasirika. Akikasirika, umejua mapema.

Kesi ya pili ni ya Mombasa hasa: nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko, nyumba nyingi za Kiswahili zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, aghalabu familia zenye vyeti vinavyotokana na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye ardhi. Ukifa, warithi wako hurithi kuta, paa na makubaliano yale, si udongo. Nimeona watoto wamekuja kutoka Uingereza wakidhani wana kiwanja cha mamilioni, kumbe wana nyumba ya udongo na mawe yenye malimbikizo ya kodi ya miaka 9. Weka risiti za kodi ya ardhi kwa jina lako, zisiwe za jina la babu aliyekufa zamani. Hakikisha mkataba ulionunulia nyumba unataja wazi kama ardhi imo au haimo. Na kama mwenye ardhi yuko tayari kuuza, nunua ungali hai, maana warithi 7 hawakubaliani bei kwa urahisi kama mtu mmoja.

Kesi ya tatu ni nyumba ya babu ambayo haijawahi kugawanywa. Hapo wewe huna nyumba, una fungu ndani ya nyumba, na fungu hilo halijapimwa. Ukifa kabla ya mirathi ya babu kufunguliwa, watoto wako watalazimika kufungua mirathi mbili, na pengine tatu. Anza na ya babu.

Kwa viwanja vyenye hatimiliki, tafuta rekodi kwenye ofisi ya ardhi kila mwaka. Ni kazi ya wakili ya siku chache, na ndiyo njia ya kujua mapema kama kuna mtu amechezea hati yako. Lipa reti pia, yaani ada ya ardhi inayotozwa na kaunti. Akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka 5 nayo huhesabiwa imetelekezwa, na pesa zake hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayoshikilia mali za fedha zisizodaiwa. Hazipotei, lakini warithi watazifuata Nairobi.

Hatua ya 3: Wasia

Kwa Sura ya 160, wasia wa maandishi hutiwa sahihi na mwenyewe mbele ya mashahidi wasiopungua 2, nao hutia zao. Shahidi asiwe anayepewa kitu, wala mumewe au mkewe asipewe, la sivyo zawadi ile hubatilika isipokuwa kuna mashahidi wengine 2 wasio na maslahi. Wasia wa mdomo hukubalika ukisemwa mbele ya mashahidi 2 na msemaji akafa ndani ya miezi 3. Kwa mtu aliyeko Toronto, simu ya WhatsApp ya mwaka juzi haifikii hapo. Ndoa mpya huufuta wasia wa zamani, isipokuwa ulioandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo.

Wasia ulioandikwa nje kwa kufuata sheria ya huko hukubalika Kenya kwa upande wa namna ulivyoandikwa. Hata hivyo mimi hupendekeza wasia 2, wa kila nchi na wake. Wa Kenya useme wazi kwamba unahusu mali iliyoko Kenya pekee. Hapa pana mtego unaowanasa hata wenye mawakili: wasia nyingi za Ulaya huanza kwa sentensi inayofuta wasia zote za nyuma. Ukitia sahihi bila kusoma, umeufuta ule wa Mombasa kwa kalamu yako mwenyewe.

Muislamu ataniuliza: wasia wa nini ilhali mafungu yashapangwa katika Suratun Nisaa? Swali zuri. Wasia wa Muislamu hauishii kwenye kugawa nyumba. Kwanza unaorodhesha madeni, maana gharama za maziko na madeni hutoka kabla ya mrithi yeyote. Mahari ambayo hukumlipa mkeo ni deni. Zaka uliyochelewesha na amana za watu ulizoshika zimo humo. Pili unamtaja wasii atakayesimamia na mlezi wa mali ya watoto wadogo. Tatu unatumia thuluthi. Theluthi moja ya mali baada ya madeni unaweza kuusia kwa asiyekuwa mrithi. Mrithi haongezwi kwa wasia ila wenziwe waridhie.

Thuluthi hiyo ndiyo inayookoa watu wetu walioko nje. Mjukuu ambaye baba yake alikufa kabla yako harithi ukiwa na mtoto mwingine wa kiume aliye hai. Mtoto uliyemuasili kwa karatasi za serikali ya Marekani harithi. Mke ambaye si Muislamu harithi, wala mama yako asiye Muislamu. Wote hawa unaweza kuwausia ndani ya thuluthi, na usipowaandika wataondoka mikono mitupu huku ukumbi mzima ukiwahurumia.

Hesabu ya mfano. Mwanamume amekufa, ameacha mama, mke, watoto wa kiume 2 na binti 1. Baada ya maziko, madeni na wasia zimebaki shilingi 12,000,000. Mama huchukua sudusi, yaani sehemu moja ya sita, 2,000,000. Mke huchukua thumni, yaani sehemu moja ya nane, 1,500,000. Zinabaki 8,500,000, zinagawanywa mafungu 5: kila mtoto wa kiume 3,400,000 na binti 1,700,000. Tazama pale kwenye mama. Watu hufanya hesabu za mke na watoto, wakamsahau bibi aliyeketi Kibokoni akivuta uradi, naye ana fungu kubwa kuliko la mke.

Ukitaka mtu apate zaidi ya fungu lake, njia ni hiba, yaani zawadi unayotoa ungali hai, na hiba hukamilika kwa kukabidhi. Ukimwandikia binti yako nyumba huku kodi unaendelea kuchukua wewe na funguo unazo wewe, umeandika hadithi. Na hiba ya mtu aliyeko kwenye maradhi ya kufa huhesabiwa kama wasia, hurudi ndani ya thuluthi. Wakfu wa msikiti au wa kizazi chako ni mlango mwingine, lakini nenda kwanza kwenye Tume ya Wakfu ukaulize masharti, kwa sababu ukishafunga wakfu hauufungui.

Mume na mke waliosajili ardhi kwa umiliki wa pamoja usiogawika wajue kwamba kwa sheria ya ardhi mmoja akifa, yote huwa ya aliyebaki. Kwa Mkristo aliyetaka hivyo ni nafuu kubwa. Kwa Muislamu ni jambo la kumuuliza mwanachuoni kabla ya kusajili.

Uingereza na Wales, asiye na wasia akiacha mke na watoto, mke huchukua pauni 322,000 za mwanzo na nusu ya kinachobaki. Lakini ni mke anayetambuliwa na serikali. Nikaha iliyosomwa msikitini Leicester bila kusajiliwa haimfanyi mwanamke mjane mbele ya sheria ya huko. Ameishi naye miaka 30, kamzalia, na karatasi zinasema hamjui. Sajilini ndoa, au andika wasia, au fanya yote mawili wiki hii.

Hatua ya 4: Uwakala ni wa uhai, usimamizi ni wa baada ya kifo

Hati ya uwakala, ile watu huiita pawa ya atoni, ni nzuri. Itie sahihi mbele ya mthibitishaji wa hati au ubalozini, itumwe, ilipiwe ushuru wa stempu na isajiliwe. Iandike kwa mipaka: kukusanya kodi, kulipa reti, kusimamia mafundi. Ya kuuza iwe ya nyumba fulani na kwa muda fulani. Wakala afungue akaunti ya kodi tu, isichanganyike na pesa zake za sokoni.

Mwenye hati akifa, uwakala umekwisha saa hiyohiyo. Kifungu cha 45 cha Sura ya 160 kinamkataza mtu yeyote asiye na ruhusa kuchukua, kuuza au kugusa mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka 1, au vyote. Kutoa pesa za M-Pesa za marehemu kwa sababu alikuachia namba ya siri kumo humo. Mwambie wakala wako maneno haya ukiwa hai: siku ukisikia nimekufa, funga daftari, andika kilichopo, mkabidhi wasii.

Hatua ya 5: Maziko

Amua wapi, na uandike. Muislamu aghalabu huzikwa alipofia, na ndilo jepesi. Anayetaka kurudishwa Kikowani ajue kwamba mwili wa kusafiri kwa ndege kwa kawaida hutiwa dawa na kutiwa ndani ya jeneza lililozibwa, na siku hupita. Kama hutaki hayo, sema usizikwe mbali na ulipofia, ili watoto wasibishane kwa simu ya saa 8 usiku.

Kwa wanaorudishwa, familia itahitaji cheti cha kifo, cheti cha kutiwa dawa, barua kwamba marehemu hakufa kwa maradhi ya kuambukiza, pasipoti yake na barua ya ubalozi. Uingereza na Wales kifo husajiliwa ndani ya siku 5, na mwili hautoki nchini bila kumjulisha mchunguzi wa vifo wa eneo hilo. Saudia, sheria ya kazi inamtwika mwajiri gharama za kuandaa na kusafirisha mwili, isipokuwa familia imekubali azikwe huko. Dada zetu wa kazi za nyumbani waliokwenda kwa mawakala wabaki na nakala ya mkataba nyumbani, kwa mama, si ndani ya simu pekee. Mshahara uliobaki na mafao ya mwisho wa kazi ni haki ya warithi, na hudaiwa kwa mkataba huo.

Usihesabu pesa ya ubalozi. Jiunge na chama cha maziko cha watu wa kwenu mjini mwako, au kata bima, na acha jina la mtu wa kupigiwa.

Hatua ya 6: Kodi ya urithi

Kenya haina kodi ya urithi. Uingereza inayo: asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, isipokuwa kinachokwenda kwa mume au mke na misamaha mingine. Tangu tarehe 6 Aprili 2025, aliyekaa huko miaka 10 kati ya 20 iliyopita huhesabiwa kwa mali yake ya dunia nzima. Nyumba ya Nyali imo. Muone mhasibu wa huko, siyo binamu.

Hatua ya 7: Familia ifanye nini Mombasa baada ya kifo

Kwanza cheti cha kifo. Kilichotolewa nje kithibitishwe na wizara ya mambo ya nje ya nchi ile na ubalozi wa Kenya, na kama ni cha Kiarabu kitafsiriwe. Chukueni nakala nyingi, kila ofisi itataka yake.

Kisha barua ya chifu wa eneo inayotaja warithi wote. Wote maana yake hata mtoto wa ndoa ya nje ambaye hamtaki kumtaja. Usimamizi, yaani ruhusa ya mahakama ya kushika na kugawa mali ya marehemu, ukipatikana kwa kuficha mrithi unaweza kufutwa baada ya miaka, na nyumba ikiwa imeshauzwa. Hapo ndipo mnunuzi naye anaingia kwenye kesi.

Waislamu waliokubaliana huenda kwa Kadhi na cheti, barua, hati za mali na vitambulisho. Kadhi huthibitisha warithi na mafungu. Njia ya Sura ya 160 ni ndefu zaidi: maombi hutangazwa katika Gazeti rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ya usimamizi ikitoka, kwa kawaida hungojwa miezi 6 ndipo iombwe kuthibitishwa, na kabla ya hapo mali haigawanywi. Aliyeko nje na hawezi kusafiri hutia sahihi ya ridhaa yake mbele ya mthibitishaji huko aliko. Aliyekwisha kupata hati ya usimamizi Uingereza anaweza kuomba itiwe muhuri na Mahakama Kuu ya Kenya badala ya kuanza upya.

Uamuzi ukitoka, upelekeni ofisi ya ardhi majina yabadilishwe. Familia nyingi hufika mahakamani, hugawana, hula pilau, halafu hati hubaki kwa jina la marehemu kwa miaka 15 mingine.

Yote haya yatieni ndani ya bahasha 2, moja kwa wasii na moja kwa wakili, pamoja na vyeti vya ndoa, vya talaka na vya kuzaliwa. Kesi ya ami ilisimama miezi 7 kwa karatasi 1: cheti cha ndoa ya mke wa kwanza. Kilipatikana Kuze, ndani ya sanduku la vyombo vya arusi, kimefungiwa vikombe vya kahawa.